Kufungua na kurudisha makava ya pikipiki nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengine huyaita bodi, wengine feringi, mafundi wengi husema makava tu. Hapa nazungumzia pikipiki zilizovishwa plastiki kuanzia kwenye taa hadi tumboni: Kawasaki Ninja, Honda CBR, Yamaha R15, Bajaj Pulsar RS200 na jamaa zao. Mwenye Boxer au TVS ya bodaboda ana makava mawili tu chini ya kiti, hana safari ndefu, ila sehemu za raba, klipu na nyufa zitamfaa naye. Mwenye Vespa ya zamani apite tu: bodi yake ni bati.

Kwani makava haya yana kazi gani? Siwezi kuyatoa nikaachana nayo?

Kazi ya kwanza ni kukata upepo. Mwaka 1976 BMW ilipotoa R100RS, kava lake lilikuwa limepimwa kwenye handaki la upepo, na lengo lilikuwa dereva aende mbali bila kuchoka shingo. Kwenye mashindano walikuwa wameshavuka mpaka zamani: miaka ya 1950 kulikuwa na makava yaliyofunika hadi gurudumu la mbele, pikipiki ikafanana na pipa, upepo wa pembeni ukawa unaisukuma itakavyo. FIM, shirikisho la kimataifa la mchezo wa pikipiki, ikayapiga marufuku kuanzia msimu wa 1958.

Kwa pikipiki yako, kava pia huelekeza hewa kwenye rejeta, hubeba indiketa, na mara nyingi taa kubwa na vioo vya pembeni vimefungwa pamoja nalo. Ukilitoa unaweza kuendesha, lakini ubaki na taa na indiketa zinazofanya kazi, na waya zote uzifunge zisining'inie karibu na ekzosi. Kwa siku mbili za kusubiri rangi ikauke, sawa. Kwa mwaka mzima, vumbi na mvua vitaingia kwenye soketi ambazo hazikutengenezwa kukaa wazi.

Nahitaji vifaa gani?

Vichache. Alenki za milimita 3, 4 na 5 (zile spana za pembe sita zenye umbo la L, ukipata zenye mkono wa T kazi inakuwa tamu zaidi), spana au boksi ya 8 na 10, bisibisi ya nyota namba 2, na taa ya kichwani au simu yenye tochi. Kisha blanketi kuukuu au mkeka wa kulazia makava, kwa sababu kava likilazwa kwenye sakafu ya saruji uso chini limeshachubuka.

Cha kubandulia usitumie bisibisi bapa. Itaacha alama ya meno kwenye ukingo na utaiona kila ukioosha. Mimi natumia mwiko mwembamba wa mbao uliofungwa kitambaa. Kadi ya benki iliyokwisha muda nayo inafaa.

Na trei ya mayai. Hiyo nitaieleza chini.

Mbona skrubu za nyota zinaharibika kichwa hata nikitumia bisibisi mpya?

Kwa sababu nyota ya Kijapani si sawa kabisa na ile nyota ya kawaida ya dukani. Pikipiki za Japani zina skrubu za kipimo cha JIS (viwango vya Kijapani), na nyingi zina kanukta kadogo kamechomwa kichwani. Bisibisi ya kawaida haizami hadi mwisho, inakaa juujuu, ukikaza mkono inapanda na kula kichwa. Bisibisi ya JIS ikipatikana, nunua moja tu, namba 2, itakuzika. Ukiikosa, chukua ile ya kawaida usage ncha yake kidogo sana ili izame zaidi, kisha sukuma kwa nguvu ndani huku ukizungusha taratibu. Nguvu nyingi iwe ya kusukuma.

Nianzie wapi?

Injini ipoe kwanza. Ukitoka barabarani, subiri hata saa nzima. Bomba la ekzosi liko sentimita chache tu kutoka pale mkono wako utakapopita. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya nyuma kama unayo. Ikiwa una stendi ya pembeni pekee, inawezekana, ila upande wa kushoto utakubana, na kava la tumboni litakulaza chini kweli.

Zima swichi, toa ufunguo, weka mfukoni. Kisha piga picha. Si picha moja ya kupendeza. Piga kila kiungo, kila waya, kila mahali makava mawili yanapokutana, na uangalie lipi limepita juu ya lipi. Utazihitaji.

Mpangilio hutofautiana, lakini kwa nyingi njia ni hii: kiti, makava ya chini ya kiti, kava la tumboni, kisha makava ya ubavuni, vioo vya pembeni, kioo cha upepo, na pua mwisho. Pua ndiyo imebeba taa, kwa hiyo usiiguse kama huna sababu. Aliyetaka kubadili plagi au kusafisha rejeta mara nyingi ataishia kwenye ubavu.

Kava limegoma kutoka. Nivute zaidi?

Hapana. Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote ni nyongeza. Kava likikugomea, kuna skrubu hujaiona.

Mara yangu ya kwanza nilikuwa barazani jioni, mwanga unakwisha, nimeshatoa bolti saba upande wa kushoto na nina hakika zimekwisha. Kava linacheza juu, linacheza nyuma, mbele limeshikilia. Nikasema labda limeganda kwa vumbi. Nikavuta. Ule mlio ukiusikia mara moja huusahau: *tak*, kama mbegu ya ubuyu chini ya jino. Sikio la plastiki, lile lenye tundu la bolti, likabaki kwenye fremu na kava likabaki mkononi mwangu. Bolti ya nane ilikuwa ndani, nyuma ya gurudumu la mbele, imetazama nyuma. Mtu aliyesimama haioni. Inabidi uchuchumae mbele ya pikipiki na kukata usukani hadi mwisho.

Kwa hiyo kabla ya kuvuta, pita mahali pa kujifichia: ndani ya kava karibu na shokapu za mbele, chini ya ukingo wa kiti, chini ya ukingo wa tenki la mafuta (kwa baadhi, tenki lazima liinuliwe kidogo), nyuma ya vizibo vidogo vya raba, chini ya raba ya kioo cha pembeni, na tumboni, upande unaotazama ardhi, ambako tope huziba kichwa cha bolti mpaka kionekane kama sehemu ya plastiki. Pitisha kidole, macho hudanganya.

Ukishahakikisha hakuna bolti, kilichobaki ni vipini vilivyozama kwenye raba na ndoana za plastiki. Kipini hutoka kwa kuvutwa moja kwa moja, sambamba na tundu lake. Weka mkono nyuma ya kava karibu kabisa na kipini, vuta hapo hapo. Ukivuta kutoka ukingo wa mbali unakivunja. Raba ikiwa kavu, tone la maji ya sabuni linatosha. Ndoana haivutwi, inateleza, kwa kawaida kuelekea mbele au nyuma sentimita moja hivi. Itazame kwenye picha za kava la upande wa pili.

Vile vijipini vyeusi vya plastiki vinafunguliwaje?

Klipu hizi zimewatoa watu machozi bure. Kuna aina tatu. Ya kwanza, yenye kitako kidogo katikati: bonyeza katikati kwa ncha ya alenki hadi usikie *tik*, kizame milimita moja au mbili, kisha nyofoa klipu nzima. Usibonyeze kupita hapo, kipini kitadondokea ndani. Ya pili, katikati ina ukingo au mfuo: hiyo hubanduliwa kwa kuinua katikati. Ya tatu ina alama ya nyota kichwani: zungusha kidogo, inajiinua yenyewe.

Kurudisha ile ya kwanza watu wengi hukosea. Kwanza sukuma kipini kutoka upande wa nyuma mpaka kichwa chake kisimame juu ya kitako, miguu ya klipu ijikusanye. Chomeka tunduni. Kisha bonyeza kichwa kiwe sawa na uso wa klipu. Ukiichomeka bila kuiandaa hivyo, itakaa kama imeshika, na tuta la kwanza litaichukua.

Waya za indiketa nizifanyeje?

Uzitoe kabla kava halijaachia kabisa. Bolti ya mwisho ikitoka, kava linaning'inia kwa waya wa indiketa, na waya huo haukufanywa kubeba mzigo. Ita mtu. Mimi nilimwita shemeji, nikamwambia, "Shemeji, shika hapo, usiachie hata nikikwambia asante." Akashika. Simu yake ikaita.

Soketi ina kiulimi cha kubonyeza. Bonyeza, shika plastiki ya pande zote mbili, tenganisha. Usivute nyaya. Weka alama ya utepe, kushoto na kulia, maana pande zote soketi hufanana. Ukisahau, rangi zitakusaidia: kwa Honda waya wa indiketa ya kushoto huwa wa machungwa na wa kulia bluu ya mbingu, kwa Yamaha kushoto ni kahawia, kulia ni kijani kilichokoza.

Swichi isiwashwe wakati mambo yamechomolewa. Pikipiki za sindano (zenye injekta badala ya kabureta) huweza kuandika kosa kwenye kompyuta yake na kukuwashia taa ya injini bure.

Nawezaje kutochanganya bolti?

Trei ya mayai ya vishimo 30. Kila kishimo ni sehemu moja, namba imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na namba hiyo hiyo imebandikwa kwa utepe mahali bolti ilipotoka. Wengine huchora umbo la kava kwenye kipande cha katoni na kutoboa matundu, kila bolti ikae kwenye tundu lake. Katoni inaonyesha vizuri zaidi, ila paka akipita juu yake umekwisha.

Usione ni mapenzi ya kupanga tu. Bolti za makava hufanana unene, nyingi ni M5 na M6 (unene wa milimita 5 na 6), lakini urefu hutofautiana. Niliwahi kuipeleka pikipiki kwa fundi kubadili bomba la maji, akarudisha makava haraka, na bolti mbili zikabadilishana nafasi. Ile ndefu iliingia pembeni mwa rejeta. Haikutoboa siku hiyo. Ilikaa inagusa, inatetemeka, inagusa, wiki tatu, kisha nikaona unyevu wa kijani juu ya kava la tumboni. Rejeta nzima kwa ajili ya milimita kumi.

Pia angalia vibushi vya chuma vilivyo ndani ya raba. Kila kibushi kinazuia bolti isiponde raba na plastiki. Hudondoka kimyakimya. Ukikaza bolti bila kibushi chake, kava litapasuka kwenye tundu lile lile baada ya muda, nawe utalaumu barabara.

Bolti inazunguka tu, haitoki. Au kichwa kimeisha.

Ikizunguka, nati ya nyuma imelegea kutoka kwenye kiti chake. Nyingi ni nati za bati zilizobanwa kwenye ukingo wa plastiki. Ingiza koleo jembamba nyuma uishike. Kwenye kioo cha upepo ni nati ya raba yenye chuma ndani: vuta kioo taratibu kwako kuibana wakati unazungusha.

Kichwa kikiisha, jaribu kwanza alenki kubwa kidogo ya inchi, au kichwa cha umbo la nyota ya pembe sita kilichogongwa taratibu ndani. Ikishindikana, kata mfuo kwa msumeno mdogo utumie bisibisi bapa. Kutoboa kwa mashine ni hatua ya mwisho, na injini uifunike kwa kitambaa isiingiwe na chipsi za chuma.

Nikishafungua, kuna la kufanya kabla ya kufunga?

Umeshalipia gharama ya kufungua, tumia nafasi. Puliza rejeta kutoka nyuma kwenda mbele, upepo wa kiasi au maji ya bomba bila presha kubwa, kwa sababu mapezi yake hulala kama nyasi. Minya mabomba ya maji. Bomba likiwa gumu au lina nyufa mdomoni, badili sasa. Tazama waya zilizosugua fremu. Mimi huwa nakuta pia nusu debe la mchanga, na mara moja kiota cha mchwa.

Wakati wa kurudisha, matundu hayalingani. Kava limejikunja?

Pengine hapana. Umekaza mapema. Weka makava yote mahali pake, ndoana kwanza, kisha vipini, halafu bolti zote zianze kwa vidole, mizunguko miwili au mitatu tu kila moja. Hakuna inayokazwa mpaka ya mwisho imeshika. Hapo kava zima bado linacheza na unaweza kulisogeza. Ukikaza moja mbele, ya nyuma inakosa tundu kwa milimita tatu, na zile tatu ndizo zinazopasua.

Bolti ikianza ngumu kwa vidole, itoe. Imeingia kombo. Izungushe kinyume mpaka uisikie inadondoka kwenye njia yake, kisha mbele.

Kabla ya kufunga ubavu, unganisha indiketa na ujaribu. Kata usukani kushoto na kulia hadi mwisho, uone hakuna waya au kebo iliyobanwa.

Nikaze kiasi gani? Niweke ile gundi ya kuzuia bolti kulegea?

Shika alenki kwa mkono mfupi, vidole viwili na gumba. Ikigusa, ongeza kidogo, basi. Kava halibebi injini. Kioo cha upepo kikazwe kidogo kuliko vyote, chenye washa za nailoni.

Gundi ile ya bluu usiweke karibu na plastiki. Watu hawaamini: kimiminika chake kikitiririka kwenye plastiki ya ABS iliyobanwa, kinaipasua nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Kwa barabara zetu za vumbi na rasta, dawa ni kuzipitia bolti kwa alenki kila baada ya wiki kadhaa.

Sikio limekatika, au kava lina ufa. Natengenezaje?

Geuza kava, tafuta herufi zilizochapwa nyuma. Ikiwa ni >ABS<, una bahati. ABS huyeyuka kwa asetoni. Chukua vipande vya ABS, vya kava lililokufa au hata matofali ya Lego, ambayo ni plastiki hiyo hiyo, viloweke kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo hadi viwe kama uji mzito. Toboa tundu dogo la milimita 2 mwisho wa ufa ili usiendelee, paka uji upande wa nyuma pamoja na kipande cha wavu mwembamba wa chuma, na acha siku nzima. Fanya nje, mbali na jiko la mkaa. Asetoni inashika moto kwa mvuke wake.

Ya haraka: supa gluu na bekingi soda (si bekingi pauda). Nyunyiza unga, dondosha gundi, inaganda papo hapo kama jiwe na kutoa moshi unaochoma macho. Kwa sikio dogo inatosha kukufikisha Jumamosi.

Ikiwa ni >PP<, asetoni haifanyi kitu na gundi nyingi hubanduka. Hiyo huchomelewa kwa pasi ya kulehemu na fimbo ya PP, au hushonwa kwa zip-tai kama vijana wa bodaboda wanavyofanya. Haipendezi, inashika.

Naweza kuosha makava kwa petroli?

Usifanye. Petroli hudhoofisha ABS na kufifisha kioo cha upepo. Maji, sabuni ya vyombo, kitambaa laini. Kioo kisipakwe dawa ya madirisha yenye amonia. Na mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 yakidondoka juu ya kava, mwaga maji mengi mara hiyo, yanainua rangi.

Nimerudisha kila kitu, pikipiki haiwaki.

Kwanza swichi nyekundu ya mkononi, ile ya kuzima injini. Usicheke. Kisha stendi ya pembeni, kisha soketi uliyoisahau. Baadhi ya Honda zina kihisio cha kulala kwenye fremu ya mbele ya kava. Ukikifunga kichwa chini, kompyuta inaamini pikipiki imeanguka na inazima injini. Kina alama ya upande wa juu.

Imebaki bolti moja mkononi. Niiache?

Rudi kwenye picha. Usiitupe kwenye kopo la bolti na usiende "kuijaribu kwanza". Angalia urefu wake, angalia kama ina washa, angalia rangi ya vumbi lililoganda kichwani: ya tumboni ina tope, ya juu ina vumbi jepesi. Yangu ilikuwa safi kabisa, haina hata chembe, nikaitafuta nusu saa kwenye makava. Ilikuwa ya honi. Honi yenyewe ilikuwa imelala juu ya rejeta, imeshikwa na waya wake tu.